Jumla ya Saa

Fomu inataka jumla ya saa.
Saa za kazi, saa za vyama vya chuo, saa za kujitolea,
kila moja na kisanduku chake,
na chini mahali pa sahihi ya msimamizi.
Nimeketi kwenye ngazi za maktaba, Al Khoudh.
Jua limekwenda zake
lakini joto bado linapanda kutoka kwenye mawe,
nami nahesabu kwa vidole kama mtoto wa madrasa.

Kwetu Seeb saa zenyewe ni za namna mbili.
Mama akisema saa mbili usiku
simu yangu inasema ishirini kamili.
Muhula wa kwanza nilichelewa zamu kwa ajili hiyo,
nikamwambia msimamizi, Ustadhi Khalfan,
"Nyumbani tunahesabu tangu jua lizame."
Akanitazama kama dawa iliyopitwa na tarehe.

Haya. Kazi:
duka la dawa la Bwana Kuriakose,
Jumatatu na Jumatano baada ya isha.
Napanga masanduku, nafuta vumbi
ambalo hujui limepita wapi,
nawaonyesha wajenzi wa Kibangali kwa mikono:
kimoja asubuhi, kimoja usiku, usimeze na tumbo tupu.
Yuko mmoja hununua nusu ya vidonge.
Nusu ya pili mshahara ukitoka.
Maumivu yake, naona, yamekwisha kuzoea kalenda.

Chama:
katibu wa Kundi la Damu.
Mabango nimebandika mimi,
biskuti na juisi nimebeba mimi,
wavulana wa uhandisi nimewabembeleza mimi,
na yule mwenye mabega kama mlango
akazimia kabla hata ya sindano.
Nami nilipokunja mkono wa abaya
muuguzi akanichoma kidole, akasoma kipimo,
akatikisa kichwa. "Chuma haitoshi. Kula maini, binti."
Mara tatu hizo, kwa miaka miwili.
Katibu wa damu asiye na damu ya kutoa:
hilo halina kisanduku.

Kujitolea:
wodi ya kusafisha figo, Jumamosi, mkalimani.
Kitanda cha nne, Bi Mgeni bint Haroub.
Kiarabu chake cha kuombea maji na kumwombea Mungu, basi.
Kiswahili chake cha Wete, amekuja nacho
kabla mama yangu hajazaliwa, na hakijachuja.
Siku moja akashika kifua:
"Mwanangu, moyo unaniuma."
Nikamfasiria daktari palepale, neno kwa neno,
nikijivunia wepesi wangu.
Wakaja mbio na mashine, na nyaya, na gundi ya baridi.
Karatasi ikatoka na vilima vyake sawasawa,
kimoja baada ya kimoja, bila kosa.
Bi Mgeni akaitazama, akacheka mpaka mirija ikatikisika.
"Wanatafuta nini humo?
Mdogo wangu kafa Chake Chake tangu juzi,
na mimi hapa nimefungwa kama mbuzi."

Neno nalijua. Nimelinyonya.
Nililifasiri, sikulisikia.

Zamu ikaisha, nikabaki.
Hatukuzungumza mengi. Mashine ilizungumza.
Kisha akanivuta ukope wa chini kwa kidole gumba,
akachungulia kama achunguzaye dafu:
"Kweupe kama tui. Wewe huli."
Hakuna kipimo alichohitaji.
Saa hizo hazikutiwa sahihi;
Ustadhi Khalfan alikuwa ameshakwenda kwake.

Basi najaza: saa mia na kumi na mbili.
Eleza ulichojifunza, herufi mia tatu.
Naandika moyo. Nafuta.
Naandika moyo tena, nauacha peke yake,
nikaufunika kwa sentensi ya adabu
kuhusu ushirikiano na uwajibikaji.
Betri asilimia sita.
Kisanduku cha mwisho: lugha, na kiwango chake.
Naandika: Kiswahili, fasaha.

Nafuta fasaha.